Maswali Yenu: Chama cha Marcus Garvey kilichoshindwa nyumbani

SWALI: Ndugu Mhariri, katika toleo lililopita mligusia kwamba Marcus Garvey, mbali na kuongoza jumuiya kubwa ya watu weusi huko Marekani, aliwahi kuanzisha chama cha siasa kwao Jamaika, na kwamba chama hicho hakikufika mbali. Hapo ndipo ninapokwama. Mtu aliyefuatwa na umati mkubwa kiasi kile, anakosaje kura katika kisiwa alichozaliwa? — Msomaji wa Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, jibu fupi ni kwamba waliompenda Garvey hawakuwa wapiga kura, na waliokuwa wapiga kura wengi wao hawakumpenda. Lakini swali lako linastahili zaidi ya sentensi moja, kwa hiyo niruhusu nianzie mbali kidogo.

Garvey alirudi Kingston tarehe 10 Desemba 1927 akiwa amefukuzwa Marekani, baada ya kukaa gerezani Atlanta tangu Februari 1925 kwa kosa la ulaghai kupitia posta, lililotokana na uuzaji wa hisa za kampuni yake ya meli. Mapokezi yalikuwa makubwa. Mitaa ilifurika watu. Hakurudi kupumzika. Machi 1929 alianzisha gazeti lake, The Blackman, na Agosti mwaka huo huo akafanya mjini Kingston mkutano wa kimataifa wa UNIA (Universal Negro Improvement Association), ile jumuiya yake ya watu weusi. Mwezi uliofuata, Septemba 1929, akatangaza chama alichokiita People's Political Party, jina ambalo ningelitafsiri Chama cha Siasa cha Wananchi, na ambalo tangu sasa nitalifupisha kwa herufi zake tatu, PPP.

Ilani ya chama hicho inafaa kusomwa hata leo. Ilidai kima cha chini cha mshahara na siku ya kazi ya saa nane, ardhi igawiwe upya, wafanyakazi wenyeji wa kisiwa walindwe dhidi ya wale walioletwa kutoka nje, na maskini wapate msaada wa wakili mahakamani. Ilitaka pia chuo kikuu na chuo cha ufundi, hadhi ya manispaa kwa miji ya Montego Bay na Port Antonio, jumba la taifa la opera, na uwanja wa mbio za farasi wa Kingston ugeuzwe kuwa bustani ya taifa mfano wa Hyde Park ya London. Wapo waliocheka waliposikia habari ya jumba la opera kutoka kwa mtu aliyekuwa akihutubia vibarua na mama ntilie. Mimi sioni cha kuchekesha. Makao yake ya Edelweiss Park, katika barabara ya Slipe, yalikuwa tayari ni mahali pa michezo ya kuigiza, muziki na hotuba, na watu hao hao waliochekwa ndio waliokuwa wakiyajaza.

Sasa tuje kwenye kura. Jamaika ya wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza chini ya gavana, na Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa na wajumbe 14 tu wa kuchaguliwa, mmoja kwa kila wilaya, waliokaa pamoja na maofisa wa serikali na wateule wa gavana. Kumchagua mjumbe huyo mmoja hakukuwa haki ya kila mtu mzima. Kwa kawaida mpiga kura alipaswa awe analipa kodi ya nyumba isiyopungua shilingi 10 kwa mwaka, au awe na mshahara wa pauni 50 kwa mwaka, na kwa wanawake, walioruhusiwa tangu 1919, masharti yalikuwa makali zaidi.

Tupige hesabu ndogo. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, kama wazee wa Kenya wanavyokumbuka hadi leo. Kibarua wa shamba la miwa aliyepata shilingi 2 kwa siku, na wengi hawakufikia hapo, hata angefanya kazi siku 300 bila kuumwa wala kukosa zamu, angemaliza mwaka na shilingi 600, yaani pauni 30. Alihitaji pauni 20 nyingine kabla ya kuitwa mpiga kura. Mtu huyo angeweza kutembea maili nyingi kumsikiliza Garvey, akapiga makofi hadi viganja vikawaka moto, na siku ya uchaguzi akabaki nje ya kituo akitazama mwenye shamba anaingia. Walioruhusiwa kupiga kura hawakufika mtu mmoja kati ya kumi kisiwani.

Juu ya hayo likaja shauri la majaji. Mwaka huo wa 1929 mahakama ya Jamaika ilikuwa imeamuru mali za UNIA zikamatwe ili kumlipa kiongozi wa zamani wa jumuiya hiyo aliyedai malimbikizo ya mshahara wake, na Garvey alitoka humo akiamini kwamba hakutendewa haki. Katika ilani akaweka kifungu cha kutaka sheria ya kuwashtaki na kuwafunga majaji wanaokiuka haki za watu kwa kula njama na matajiri. Mahakama haikuchelewa kujibu. Alishtakiwa kwa kuidharau mahakama, akahukumiwa kifungo cha miezi mitatu na faini ya pauni 100, akapelekwa gerezani Spanish Town wakati kampeni ndiyo kwanza inaanza kupamba moto.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui. Akiwa gerezani, Oktoba 1929, Garvey alichaguliwa kuwa diwani wa kata ya Allman Town katika Halmashauri ya Kingston na St Andrew. Kwa hiyo si kweli kwamba hakupata kushinda uchaguzi. Alishinda akiwa amevaa nguo za mfungwa. Aliomba ruhusa ya kutohudhuria vikao, kwa sababu iliyokuwa wazi kwa kila mtu, halmashauri ikamnyima, kisha ikatangaza kiti chake kuwa wazi kwa kuwa hahudhurii. Uchaguzi mdogo ulipoitishwa, akapita bila kupingwa.

Mwezi Januari 1930, wiki chache tu baada ya kutoka gerezani, akagombea ujumbe wa Baraza la Kutunga Sheria katika wilaya ya St Andrew, inayopakana na Kingston, yenye nyumba za wakubwa pamoja na vijiji vya milimani. Mpinzani wake alikuwa George Seymour-Seymour, tajiri Mzungu mwenye ardhi. Gazeti kubwa la kisiwa, Daily Gleaner, lilikuwa limempinga Garvey tangu mwanzo na halikulegeza. Kampeni alikuwa ameikosa kwa miezi mitatu, na kura zilikuwa mikononi mwa wale wale aliowatisha kwa madai ya kima cha mshahara na ya kugawa ardhi yao. Alishindwa kwa kura nyingi.

Mwezi uliofuata akashtakiwa tena, safari hii kwa uchochezi, kutokana na makala ya gazeti lake iliyowashambulia madiwani. Alihukumiwa kifungo cha miezi sita, akakata rufaa, akashinda. Baada ya hapo PPP haikuwa na maisha ya kuonekana. Machi 1935 Garvey alihamia London, ambako alifariki tarehe 10 Juni 1940.

Lawama zote zisitupiwe sheria ya uchaguzi, hata hivyo. PPP kilikuwa chama cha mtu mmoja. Mwenyekiti alipofungwa, chama kilifungwa. Alipohama, chama kilihama naye. Chama chenye watu wa kukishika mkono huweza kukaa miaka kumi kikisubiri sheria ibadilike, ila hiki hakikuwa na watu wa aina hiyo, maana nguvu za wafuasi zilikuwa ndani ya UNIA, jumuiya iliyotazama Afrika na Waafrika wote duniani, na chama kilikuwa kama kibanda kilichoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba kubwa.

SWALI: Mnasema PPP kilikuwa chama cha kwanza cha Jamaika. Lakini nimesoma mahali kwamba Garvey mwenyewe, akiwa kijana, alikuwa katika chama kingine kabla hajaondoka kisiwani. Lipi ni sahihi? — Msomaji wa Zanzibar

JIBU: Yote mawili, kutegemea unaita nini chama. Chama hicho kingine, National Club, kiliundwa mwaka 1909 na Sandy Cox, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria aliyekuwa mwiba kwa gavana, na Garvey alikuwa mmoja wa makatibu wa chama hicho mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 22. Kundi hilo lilipinga utawala wa kikoloni na lilikuwa na gazeti lake, lakini lilikuwa karibu zaidi na klabu ya wanasiasa kuliko chama. PPP kilikuwa na ilani iliyoandikwa, kikaipeleka barazani mbele ya umati na kumtaka mpiga kura amchague mgombea kwa sababu ya ilani hiyo, badala ya jina la ukoo wake au ukubwa wa shamba lake. Kwa maana hiyo wanahistoria wengi hukiita chama cha kwanza cha kisasa kisiwani.

SWALI: Marehemu babu yangu alikuwa akisema kwamba huko nyuma, kabla hata ya vyama vyetu, watu wa Kenya walikuwa wakisomewa gazeti la Garvey. Je, ni kweli, au ni maneno ya barazani? — Msomaji wa Nakuru

JIBU: Babu yako alikuwa na msingi mzuri. Jomo Kenyatta ndiye aliyemsimulia mwandishi wa Trinidad, C. L. R. James, kwamba mnamo 1921 wapigania haki wa Kenya wasiojua kusoma walikuwa wakimzunguka mtu mmoja anayejua, awasomee gazeti la Garvey, The Negro World. Makala moja ilisomwa mara mbili au tatu, kisha wasikilizaji wakatawanyika kila mtu na njia yake, wakienda kuyarudia yale maneno kwa kichwa mbele ya watu wengine. Ukizingatia kwamba utawala wa kikoloni katika nchi nyingi ulikuwa ukilipiga marufuku gazeti hilo, utaona kwa nini kichwa cha mtu kilikuwa mahali salama pa kulificha.

Kiungo cha pili ni Harry Thuku, mpigania haki wa Kenya. Alipokamatwa Machi 1922 na polisi wakawafyatulia risasi watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiwe, Garvey alimpelekea Waziri Mkuu wa Uingereza, Lloyd George, simu ya maandishi ya kupinga mauaji hayo. Lakini tusichanganye mambo: hayo yalitokea miaka saba kabla ya PPP kuzaliwa, na yalikuwa kazi ya UNIA akiwa New York. Chama chenyewe hakikuwa na tawi wala mwanachama upande wetu huu wa dunia, kwa kuwa kilikuwa chama cha kugombea viti vya Jamaika tu.

SWALI: Watu wote walipopewa kura, kwa nini wafuasi wa Garvey hawakukifufua chama chao? Na je, kipo mpaka leo? — Msomaji wa Mombasa

JIBU: Walikifufua, ila walichelewa.

Mwaka 1938 vibarua wa Jamaika waligoma, kuanzia kiwanda cha sukari cha Frome katika wilaya ya Westmoreland, ambako waliambiwa watapata kazi na ujira mzuri, wakakuta kazi haba na ujira mdogo. Watu wakauawa, na mgomo ukasambaa hadi bandari ya Kingston. Katika vurugu hizo Alexander Bustamante alijitokeza kama msemaji wa wafanyakazi, na pembeni yake alisimama St William Grant, mtu wa Garvey kindakindaki aliyekuwa akivaa sare ya UNIA jukwaani. Wote wawili walikamatwa siku moja, tarehe 24 Mei. Nimemtaja Grant kwa makusudi, kwa sababu ukitaka kujua watu wa PPP walikwenda wapi, mtazame yeye: umati aliokuwa ameujenga kwa maneno ya Garvey ulihamia kwa Bustamante.

Septemba 1938 Norman Manley, binamu yake Bustamante, akaanzisha People's National Party, na mwaka 1943 Bustamante akaanzisha Jamaica Labour Party. Uchaguzi wa kwanza wa watu wazima wote ulifanyika tarehe 14 Desemba 1944. Wapiga kura walioandikishwa walizidi laki sita. Chama cha Bustamante kilipata viti 22 kati ya 32, cha Manley viti 5, na wagombea binafsi viti 5. Yule kibarua wa pauni 30 alikuwa sasa ndani ya kituo cha kura, lakini kwenye karatasi hapakuwa na PPP, na Garvey alikuwa kaburini London kwa miaka minne na nusu.

Mwaka 1961 wakili mmoja wa Kingston, Millard Johnson, akalichukua jina la PPP na kulitundika upya. Wakati ulionekana kufaa. Septemba mwaka huo Wajamaika walipiga kura ya maoni na kujitoa katika Shirikisho la West Indies, uhuru ulikuwa mlangoni, nchi za Afrika zilikuwa zikijikomboa moja baada ya nyingine (Tanganyika ilipata uhuru wake Desemba mwaka huo huo), na vijana wa mitaa ya kimaskini ya Kingston walikuwa wakizungumzia Ethiopia kuliko London. Hoja ya Johnson ilikuwa nyepesi kueleweka: walio wengi kisiwani ni weusi, lakini maduka, benki na mashamba makubwa si yao, na vyama vyote viwili havitaki kulisema hilo kwa sauti.

Hoja ilisikika, kura hazikuja. Katika uchaguzi wa tarehe 10 Aprili 1962, chama cha Bustamante kilichukua viti 26 na cha Manley 19, jumla 45, na PPP hakikuambulia hata kimoja. Kura zake zote kwa pamoja hazikufika asilimia 3. Zipo sababu mbili ninazoziona kuwa nzito. Kwanza, kila chama kikubwa kilikuwa na chama chake cha wafanyakazi. Mkata miwa aliyekuwa na kadi ya chama cha wafanyakazi cha Bustamante alijua ni nani atakayemsemea akiachishwa kazi, na Johnson hakuwa na cha kumpa zaidi ya hotuba. Pili, viongozi waliokuwa wakiandaa uhuru walikuwa wameshachagua kaulimbiu ya taifa inayosema kwamba kutokana na wengi wametokea watu wamoja, na mbele ya kaulimbiu hiyo mtu anayetaja rangi jukwaani alionyeshwa kidole kama mchochezi. Baada ya uchaguzi huo PPP kilizimika. Leo hakimo bungeni wala hakina uzito wowote katika siasa za nchi hiyo, ambazo bado ni za vyama vile vile viwili.

Cha ajabu ni kilichofuata. Serikali ya chama cha Bustamante, kilichokishinda PPP, ndiyo iliyorejesha mwili wa Garvey kutoka London Novemba 1964 na kumtangaza shujaa wa taifa. Chuo kikuu alichokidai kilikuwa kimekwishafunguliwa Mona mwaka 1948, na kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima kilikuja mwaka 1975, chini ya serikali ya Michael Manley, mwana wa Norman. Ama ule uwanja wa mbio za farasi, uligeuzwa kweli kuwa bustani ya taifa. Leo unaitwa National Heroes Park, na kaburi la Garvey limo humo.

SWALI: Nilikuwa nikidhani PPP ni chama cha Cheddi Jagan. Naona nimepotea? — Msomaji wa Bujumbura

JIBU: Herufi ndizo zilizokupoteza. Cha Jagan ni People's Progressive Party cha Guyana, nchi iliyopo bara la Amerika Kusini wala si kisiwa. Kiliundwa mwaka 1950, kimewahi kushika serikali mara kadhaa, na hakina uhusiano wa ukoo na kile cha Garvey.

SWALI: Je, hukumu zile za Garvey zimefutwa? Nilisikia redioni kwamba Rais wa Marekani amemsamehe. — Msomaji wa Dar es Salaam

JIBU: Ulichokisikia ni kweli, ila msamaha alioutoa Rais Joe Biden tarehe 19 Januari 2025 unahusu hukumu ya Marekani ya mwaka 1923, ile ya ulaghai wa posta. Kesi ya kuidharau mahakama, iliyotokana na ilani ya PPP, ilikuwa ya Jamaika, na Rais wa Marekani hana mamlaka nayo. Hiyo ilishughulikiwa na Bunge la Jamaika lenyewe kwa sheria ya mwaka 2018, iliyowaondolea hatia mashujaa wa taifa na wapigania uhuru wengine kwa matendo waliyohukumiwa kwayo enzi za ukoloni. Garvey yumo katika sheria hiyo pamoja na Paul Bogle na Sam Sharpe, ambao wao walinyongwa.